Kivuli cha Nguzo ya Farasi

Projekta niliinunua kwa mshahara wa miezi miwili,
nikaipakata ndani ya basi kutoka Bishkek hadi Naryn
kama apakatavyo mtu mtoto wa wenyewe,
saa saba za milima, theluji ikigonga kioo.
Mkuu wetu, Mzee Sagynbek, akaizunguka mara mbili,
akauliza: "Na hii nayo itakula makaa ya mawe?"

Siku ya kwanza nikatundika shuka ukutani,
shuka ya harusi yangu, nyeupe, yenye doa la chai.
Nikawaonyesha jua na sayari zake,
dakika arobaini, vinanda tele,
na sauti nzito ya mtu asiyeijua baridi yetu.
Darasa likatulia tuli. Hata Ermek,
ambaye hukaa kama aliyekalia siafu,
alituliza miguu.
Nikajisemea: leo nimewapata.

Taa ilipowaka nikauliza swali moja,
dogo, la kuokota njiani:
mbona mchana wa Januari ni mfupi?
Wakanitazama kana kwamba nimewaamsha.
Cholpon akasema filamu ilikuwa nzuri.
Nzuri, mwalimu. Nzuri sana.
Ile sayari yenye pete ndiyo nzuri kuliko zote.

Usiku ule niliosha vyombo kwa hasira.
Kumbe ukimya si usikivu.
Kumbe nilikuwa nawabembeleza,
na mbembelezaji hulipwa usingizi.

Kesho yake sikuwasha kitu.
Nikaweka mezani simu yangu ya zamani,
yenye ufa kutoka pembe hadi pembe,
nikasema: atakayeichukua aniletee
dakika moja ya kitu kinachobadilika.
Wakaniletea. Wee, wakaniletea!
Sezim: barafu ya ndoo ikiachia ukingo kando ya jiko.
Cholpon: unga wa mkate ukiinua kitambaa kwa mgongo.
Ermek: babu yake akisinzia, kidevu kikishuka,
kikishuka, kikishuka, hadi kofia ikadondoka,
tukacheka mpaka Mzee Sagynbek akaja kuchungulia,
naye akataka aonyeshwe tena.

Bektur alikuwa wa mwisho.
Bektur, ambaye kwa miaka mitatu
nimemsikia akitamka "nipo", basi,
asubuhi, nikiita majina.
Aliirudisha simu ndani ya soksi.
Picha sitini na moja, zote kutoka dirisha la jikoni kwao:
nguzo ya kufungia farasi, theluji, kivuli.
Nikaziunganisha, nikazikimbiza ukutani.

Kivuli kikatambaa.
Kirefu, kikajikunja, kikarefuka tena,
kikizungukia upande mmoja tu wa nguzo
kama farasi aliyefungwa
anayetafuta nyasi mwisho wa kamba.
Sekunde nane.
"Rudia," akasema mtu.
"Kirudishe kinyumenyume!"
Nikakirudisha; jua likarejea mashariki bila ubishi.
Mbona hakiji upande wetu?
Mbona adhuhuri kimefupika
lakini bado kinaishinda nguzo kwa urefu?
Wote walisema kwa pamoja, sikujua nimjibu nani,
na sikuwahi kumjibu yeyote.

"Kwa sababu halipandi," akasema Bektur,
kwa sauti yenye kutu.
"Jua. Siku hizi halipandi.
Linapita kandokando, chinichini,
kama mtu mwenye deni."

Hapo umeme ukakatika, kama desturi yake.
Shuka ikabaki shuka, na doa lake la chai.
Nikangoja wanung'unike.
Wao walishavaa makoti,
Ermek kashika ufagio, Cholpon kamba ya kupimia,
mlango wameuacha wazi
na joto letu lote limewafuata nje.

Nikawafuata mimi pia, nikasimama kizingitini,
nikafungua kinywa niwaeleze
mhimili wa dunia, mwinamo wake, nyuzi zake,
yote niliyoyapanga tangu Bishkek.

"Mwalimu," akasema Bektur, amepiga goti thelujini,
hata hakuinua uso.
"Sogea kidogo. Unatuzibia jua."